Zimwi Darasani: Lifukuzwe au Lifundishwe?

Watoto wa darasa la kwanza na la pili hupenda kuzigeuza nyimbo walizofundishwa. Palipokuwa na paka au kuku, wao huweka zimwi, kisha huangua kicheko. Walimu wengi huuona mchezo huo kuwa ni utovu wa adabu, na huukomesha. Kwa maoni yangu, hilo ni somo ambalo watoto wamejiandalia wenyewe.

Ndugu walimu, tuchukue mfano wa mistari hii niliyoitunga kwa ajili ya makala haya:

Zimwi limekwenda shule, limesahau daftari;
Mwalimu akauliza, likajibu: "Si tayari!"

Kila kipande kina mizani nane. Mwalimu akiwataka watoto waimbe juu ya mazimwi mengi, kipande cha kwanza kitaharibika, kwani "Mazimwi yamekwenda shule" kina mizani tisa. Watoto watasikia kwamba wimbo unachechemea, na watautafutia dawa: "Mazimwi yaenda shule." Hapo wamejifunza silabi na upatanisho wa kisarufi bila kukariri kanuni. Faida hiyo ni kubwa mkoani Singida, ambako watoto wengi huzungumza Kinyaturu au Kinyiramba nyumbani, na Kiswahili sanifu hukutana nacho shuleni.

Isitoshe, zimwi lililosahau daftari halitishi tena. Mtoto aliyezoea kunyamazishwa kwa kutajiwa zimwi hupata nafasi ya kulicheka.

Hata hivyo, pana mpaka. Hapa Singida, katika miaka ya 1940, watu waliuawa kwa namna ya kuiga mashambulio ya simba, na hofu ya "watu-simba" ikaenea vijijini. Aidha, katika nchi yetu ajuza wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, ambayo aghalabu ni matokeo ya moshi wa jikoni. Na watu wenye ualbino wamewindwa kana kwamba si binadamu. Kwa hiyo zimwi la darasani lisipewe macho mekundu, wala ngozi nyeupe, wala kilema cha mtu yeyote. Lipewe mikia saba, masikio mapana kama ungo, na uvivu wa kuoga.

Basi tusilifukuze zimwi. Tulifundishe mizani, lakini tulinyime sura ya jirani. Mtoto aliyekwisha kulibuni zimwi kwa ulimi wake mwenyewe anajua kwamba mazimwi hutungwa. Na ajuaye hivyo hatakuwa mwepesi wa kusadiki akiambiwa kwamba bibi wa nyumba ya pili ni mmoja wao.