Chai ya Dubai yampanda kichwani mrembo wa Bariadi

Mrembo mmoja wa Bariadi (jina kapuni) wiki nzima anarusha picha Insta akinywa chai ya jioni kwenye hoteli iliyo ndani ya Dubai Parks. Vikeki vya ghorofa tatu, birika linang'aa, kidole kidogo juu. Hapo hana kosa. Hela yake, ale bata.

Kosa ni maneno aliyoweka chini: eti Simiyu hakuna pa kunywa chai mtu akaonekana mtu. Acha hizo, dada! Ada yake ililipwa na pamba ya Simiyu hiyohiyo, na chai aliyokulia ni ya maziwa, pembeni sahani ya matobolwa. Leo anajifanya hayajui? Wazungu wanapita Lamadi, wanaingia Serengeti kwa geti la Ndabaka na kulipa dola wanywe chai wakitazama wanyama. Yeye hajawahi kukanyaga, na Bariadi hadi Lamadi ni lami tupu.

Halafu wambea wa kitaa wanadai picha zote ni za siku moja, nguo kabadilishia chooni. Hilo dogo. Mama mtu anashika simu ya mjukuu kila jioni, na yale maneno kayasoma.