Nguruwe Akipasuliwa Tumbo, Achomwe Ganzi

Maabara inayompasua nguruwe tumbo, kisha ikamwacha azinduke bila kumchoma ganzi ya neva, ilhali mashine ya ultrasaundi imo humo humo ndani, inatenda ukatili. Sitatafuta neno la upole zaidi.

Mnyama huyu anatudai. Januari 2022 madaktari wa Maryland, Marekani, walimpandikizia mgonjwa moyo wa nguruwe. Machi 2024 wenzao wa Boston wakapandikiza figo. Tena ni kwenye miili ya nguruwe ambako madaktari wengi wamejifunzia kushona utumbo. Nasi tunamlipa fadhila ya punda!

Utetezi wa kwanza: alipigwa nusu kaputi. Ndiyo, ikamlaza. Lakini kisu kinapokata, neva za ukuta wa tumbo huendelea kupeleka ishara kwenye uti wa mgongo, na dawa ikiisha mnyama huamkia maumivu. Ganzi huzizuia ishara hizo njiani. Neva zenyewe hupita kati ya misuli miwili ya ndani ya ukuta wa tumbo, na ultrasaundi huonyesha kila tabaka, sindano inavyoingia, na dawa kama bupivakaini inavyotanda katikati. Mkono haubahatishi, utumbo hautobolewi. Kinachobaki ni kupima dozi kwa uzito wa mnyama, maana ikizidi yaweza kusimamisha moyo. Kwa binadamu, njia hii ya ultrasaundi ilikwisha kuelezwa mwaka 2007. Kipi kinachosubiriwa?

Utetezi wa pili: atapewa dawa za jamii ya morfini. Apewe, kwani ganzi ya ukuta wa tumbo haifikii maumivu ya viungo vya ndani. Ila dawa hizo zikiachiwa kazi yote huzubaisha utumbo, na zikizidi hudhoofisha pumzi. Penye ganzi, kiasi kidogo huweza kutosha.

Utetezi wa tatu ndio unaonikera kuliko yote: eti ganzi itavuruga matokeo ya utafiti. Na maumivu, je? Nguruwe mwenye maumivu homoni ya mfadhaiko, kortisoli, hupanda, moyo humwenda mbio, chakula hakiliki. Mtafiti anayeiogopa ganzi lakini haogopi hayo anatetea mazoea, hatetei sayansi.

Mwaka 1959, Waingereza Russell na Burch waliwawekea watafiti wajibu wa aina tatu: kutafuta mbadala wa mnyama, kupunguza idadi, na kupunguza mateso. Huo wa tatu hautimizwi kwa kunukuliwa kwenye fomu za maombi. Kamati za maadili ziwatake watafiti waeleze kila neva itakavyozimwa, nani atashika sindano na nani amemfunza. Asiye na jibu asipewe kibali. Wahariri wa majarida nao waulize hayo hayo kabla ya kuchapisha. Asiyekuwa tayari kumkinga nguruwe na maumivu hana haki ya kumpasua.