Mkopo wa chuo kikuu huanzia ofisi ya kijiji: Funzo kutoka Kemondo

Kemondo, Bukoba – Kila mwaka wahitimu wa kidato cha sita wanapomaliza mitihani yao mwezi Mei, familia nyingi za Kata ya Kemondo, katika Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba, huanza kupiga hesabu mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ya kahawa, kwa kuwa msimu wa mavuno ya robusta unaingia. Ya pili ni ya chuo: matokeo yakiwa mazuri, kijana atasoma kwa fedha ipi?

Hesabu hiyo ya pili imebadilika katika miaka ya karibuni. Tangu Januari 2016 elimu katika shule za Serikali imetolewa bila ada kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 Serikali ikafuta pia ada ya kidato cha tano na cha sita. Kwa hiyo mtoto wa mkulima wa ndizi na kahawa, au wa mvuvi wa Ziwa Victoria, anaweza kufika kidato cha sita bila mzazi wake kudaiwa ada ya shule. Chuo kikuu ndiyo hatua ya kwanza ambapo ada hiyo inadaiwa. Kikwazo kilichokuwa mbele ya mlango wa sekondari kimesogea hadi mbele ya mlango wa chuo, na kwa kaya nyingi ufunguo wa mlango huo ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB.

Bodi hiyo iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, ikirithi jukumu lililokuwa likitekelezwa na wizara yenye dhamana ya elimu ya juu tangu mwaka 1994. Bajeti ya mikopo imekua kutoka Sh. bilioni 464 mwaka 2020/21 hadi Sh. bilioni 570 mwaka 2021/22, na kufikia Sh. bilioni 787 mwaka 2024/25. Mwaka 2023/24 Serikali ilianza pia kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele.

Iwapo fedha zimeongezeka kwa kiwango hicho, kwa nini bado wapo vijana wenye ufaulu na uhitaji ambao hukosa mkopo, au hupata kiasi kisicholingana na hali ya nyumbani kwao? Zipo sababu za ukomo wa bajeti na vipaumbele vya programu. Ipo pia sababu ambayo mwananchi anaweza kuishughulikia mwenyewe, mapema na kwa gharama ndogo: nyaraka.

Umaskini unaothibitishwa kwa hati

Bodi haitembelei kila kaya. Inamfahamu mwombaji kupitia taarifa anazojaza katika mfumo wa maombi wa mtandaoni, OLAMS, na vielelezo anavyoambatisha. Mwombaji anatakiwa kuwa Mtanzania mwenye umri usiozidi miaka 35, awe amedahiliwa katika chuo kinachotambuliwa, asiwe na kipato chake mwenyewe cha kumsomesha, na awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Zaidi ya sifa hizo, uhitaji wake lazima uonekane katika karatasi.

Yatima huonekana kwa cheti cha kifo cha mzazi. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, huonekana kwa fomu iliyothibitishwa na mganga. Anayetoka katika kaya inayohudumiwa na TASAF hutambuliwa kwa namba ya kaya. Aliyesoma sekondari binafsi kwa msaada wa kanisa, msikiti, shirika au mfadhili mwingine anatakiwa kuleta uthibitisho wa ufadhili huo. Asipouleta, ada iliyolipwa katika shule ile itasomeka kama dalili kwamba nyumbani kwao kuna uwezo. Katika Mkoa wa Kagera, ambako taasisi za dini zimeendesha shule na kulea watoto wengi kwa miongo kadhaa, karatasi hiyo moja inaweza kubadili tathmini nzima ya mwombaji.

Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo lazima vihakikiwe na Wakala wa Usajili Ufilisi na Udhamini, RITA, kabla ya kuambatishwa. Hapo ndipo waombaji wengi hugundua kwamba hawana cha kuhakiki.

Kagera inafahamu uzito wa jambo hili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa katika Hospitali ya Ndolage, Muleba, mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata bibi na babu wengi walijikuta wakilea wajukuu. Mzazi aliyefia nyumbani huzikwa katika kibanja cha ukoo, na majirani wote hushuhudia. Kijiji kizima kinajua kwamba mtoto yule ni yatima. Lakini kifo ambacho hakikusajiliwa hakionekani katika mfumo wa Bodi, na mtoto husomeka kama mwenye wazazi wawili walio hai.

Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90 na kifo ndani ya siku 30. Baada ya muda huo usajili bado unawezekana, ila unahitaji vielelezo zaidi: barua ya Mtendaji wa Kijiji, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule au viapo vya ndugu. Ofisi za RITA za wilaya ziko katika ofisi za Wakuu wa Wilaya. Kwa mkazi wa Kemondo hiyo ni safari ya kiasi cha kilomita 20 hadi Bukoba mjini, na mara nyingi safari hiyo hurudiwa. Kwa waliozaliwa nje ya nchi, au ambao wazazi wao walifariki nje ya nchi, jambo lisilo la ajabu katika mkoa unaopakana na Uganda, Rwanda na Burundi, huhitajika barua maalumu ya RITA.

Jina moja, tahajia mbili

Kikwazo cha pili ni majina. Mtoto wa Kihaya huwa na jina la nyumbani na jina la dini, na haya hayakuandikwa mahali pote kwa mpangilio mmoja. Rwegasira wa cheti cha ubatizo anaweza kuwa Lwegasira katika kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Kokushubira wa shule ya msingi anaweza kuwa alisajiliwa kidato cha kwanza kwa jina la babu yake. Kijijini hakuna anayechanganyikiwa kwa tofauti hizo, lakini mfumo wa kompyuta huona watu wawili.

Maombi ya mkopo hufanywa kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, na jina lililosajiliwa kwa mtihani huo ndilo linalomfuata mwombaji hadi chuoni, benki na hatimaye kwa mwajiri. Kwa sababu hiyo muda mwafaka wa kulinganisha majina katika cheti cha kuzaliwa, kumbukumbu za shule na Kitambulisho cha Taifa ni kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne. Baada ya hapo marekebisho hudai viapo au hati ya kubadili jina, yaani muda na gharama za ziada.

Dirisha likiwa wazi, kijana yuko kambini

Katika miaka ya karibuni dirisha la maombi limekuwa likifunguliwa Juni na kufungwa mwishoni mwa Agosti, wakati mwingine likiongezewa siku chache. Katika kipindi hichohicho wahitimu wengi wa kidato cha sita huwa katika mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria, mara nyingi mbali na nyumbani. Maofisa wa HESLB wamekuwa wakifika katika makambi hayo kuelimisha na kusaidia waombaji. Hata hivyo hakuna ofisa anayeweza kumletea kijana cheti kilichobaki sandukuni Kemondo, au ambacho hakijawahi kutolewa.

Maombi hulipiwa ada ya Sh. 30,000. Fomu iliyochapishwa husainiwa na mwombaji na mdhamini wake, kuthibitishwa na kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa, na kugongwa mhuri wa hakimu au wakili, kisha kurasa hizo hupakiwa tena katika mfumo. Saini au mhuri mmoja ukikosekana, maombi hayajakamilika hata kama kila kitu kingine ni sahihi. Baada ya mikopo kutangazwa kwa awamu, hufunguliwa dirisha la rufaa kwa aliyekosa au aliyepangiwa pungufu. Rufaa inafaa pale inapoleta kielelezo ambacho hakikuwapo. Malalamiko matupu hayaongezi taarifa yoyote mbele ya Bodi.

Mkopo si ufadhili

Wananchi wengi huchanganya mikopo na ufadhili. Mkopo hurejeshwa, ufadhili haurejeshwi. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa kutengewa Sh. bilioni 3, huwalenga wahitimu wa kidato cha sita waliofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi na kudahiliwa katika fani za sayansi, uhandisi, teknolojia, hisabati na tiba. Kigezo chake ni ufaulu, na mnufaika hutakiwa kudumisha wastani mzuri wa alama mwaka hadi mwaka.

Upo pia ufadhili wa nchi rafiki, zikiwamo China na Hungary, ambao hutangazwa kupitia Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Tangazo la kweli hupatikana katika tovuti ya wizara au ya ubalozi husika. Anayeahidi nafasi kwa malipo ya kumtumia fedha kwa simu hapaswi kuaminiwa.

Kuupata na kuutunza

Mkopo uliopatikana unaweza kukatika. Mkopo hugawanywa katika vipengele: ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, utafiti na mahitaji maalumu ya kitivo. Posho ya chakula na malazi imepandishwa kutoka Sh. 8,500 hadi Sh. 10,000 kwa siku. Si kila mwanafunzi hupangiwa vyote kwa asilimia mia moja, hivyo familia inapaswa kusoma kiwango cha kila kipengele mapema na kujua pengo litakalobaki.

Kila malipo yanapofika, mwanafunzi hutakiwa kuyathibitisha kwa wakati. Chuo huwasilisha matokeo yake kwa Bodi, na anayeshindwa masomo huweka mkopo wake hatarini. Anayeugua na kuahirisha mwaka, au anayetaka kuhama chuo au programu, anatakiwa kufuata utaratibu kupitia dawati la mikopo la chuo. Anayeondoka kimya kimya akitarajia kueleza baadaye huwa amejifungia mlango.

Marejesho nayo ni sehemu ya kuutunza mfuko huu. Mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha ilifutwa mwaka 2021 kufuatia agizo lililotolewa na Rais Samia Suluhu Hassan katika sherehe za Mei Mosi jijini Mwanza, na deni likawa halikui tena mwaka hadi mwaka kwa tozo hiyo. Fedha zinazorejeshwa hukopeshwa kwa wengine, hivyo mwalimu au muuguzi anayelipa leo anamsomesha mtoto wa jirani yake.

Gharama ya karatasi iliyokosekana

Familia iliyokosa mkopo kwa sababu ya karatasi haiachi kutafuta ada. Hutafuta kwa njia nyingine, na Kagera njia hizo zinajulikana: kuuza kipande cha kibanja, au kuingia butura, yaani kuuza kahawa ikingali mtini kwa bei ya chini, desturi ambayo Serikali imekuwa ikiikataza. Kaya hupoteza mavuno ya msimu, wakati mwingine na ardhi, kwa sababu ya cheti ambacho kingepatikana kwa gharama ndogo miaka kadhaa kabla.

Ujenzi wa tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika Kijiji cha Itahwa, Kata ya Karabagaine, chini ya Mradi wa HEET, unakisogeza chuo karibu na wananchi wa Bukoba. Kijana wa Kemondo hatalazimika kila mara kupanda meli kwenda Mwanza au basi kwenda Dar es Salaam. Ukaribu hupunguza nauli na pango, lakini hauondoi ada, wala hauondoi haja ya kuthibitisha uhitaji.

Kwa hiyo kazi ya kutafuta mkopo haianzi Juni, mfumo unapofunguliwa. Huanza mtoto anapozaliwa na kusajiliwa, huendelea msiba unapotokea na kifo kuandikishwa, na huhakikiwa mwanafunzi akiwa kidato cha tatu, wakati bado kuna nafasi ya kusahihisha jina. Mikutano ya vijiji, vikao vya wazazi shuleni na matangazo ya nyumba za ibada ndiyo mahali pa kulisemea jambo hili. Mtendaji wa Kijiji anayetoa barua ya kifo kwa wakati, na mkuu wa shule anayelinganisha majina kabla ya usajili wa mtihani, wanamsaidia kijana kupata mkopo miaka mingi kabla hajaijua Bodi.

Kwa mzazi wa Kemondo mwenye mtoto sekondari, hatua ya leo ni kufungua sanduku, kutoa vyeti vilivyomo, na kusoma majina yaliyoandikwa herufi kwa herufi.