Ni Nani Mwenye King'ong'o?

Muhula uliopita nilionyeshwa daftari la mwanafunzi wa shule moja ya upande huu wa Giheta. Chini ya zoezi la kusoma kwa sauti mwalimu wake alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Ana king'ong'o. Ajirekebishe." Mtoto mwenyewe aliniambia kwamba tangu siku ile hanyoshi mkono katika kipindi cha Kiswahili. Nilimwomba anisomee. Alisoma vizuri, ila "ng'ombe" alilitamka "ngombe", kwa g iliyo wazi kama ile ya "ngoma", na "mtu" akalisema "mutu". Hayo tu. Puani hakusema hata neno moja.

Naandika kumpinga mwalimu huyo, na kwa kuwa hayuko peke yake, yafaa sote tujitazame.

Kwa wale wanaozungumza Kiswahili nyumbani, king'ong'o ni kusemea puani, au mtu asemaye hivyo, awe na mafua au kasoro ya kaakaa. Ni neno zito. Likimpata mtu hugeuka lakabu. Vitabu vya sarufi, hasa vya Kenya, vimelichukua neno hilo hilo na kuziita sauti m, n, ny na ng' "ving'ong'o", mahali ambapo vitabu vingine husema "nazali". Sina ugomvi na istilahi hiyo. Ugomvi wangu ni na mwalimu anayeisoma kitabuni asubuhi na kuifanya tusi mchana. Kama m na n ni ving'ong'o, basi kila msemaji wa Kiswahili anavyo, wa Unguja na wa Mombasa, na asiyekuwa navyo hawezi hata kuita "mama".

Hebu tuitazame sauti yenyewe. Tutamkapo ng', sehemu ya nyuma ya ulimi hugusana na kaakaa laini, njia ya kinywa ikafungwa, na pumzi yote ikapita puani huku nyuzi za sauti zikitetema kooni. Mwambie mtoto aivute sauti hiyo, kisha abane pua kwa vidole: itakatika papo hapo. Lakini katika "ngoma" pumzi huanza kupita puani, kisha kaakaa laini hupanda, njia ya pua ikazibwa, na g ikapasuka kinywani. Sauti hii ya pili Mrundi anayo tangu utotoni. "Ingoma" ni neno lake, na hapa Giheta ndipo palipo Gishora, kilima cha ngoma za kifalme. Ile ya kwanza, ng' iliyo peke yake, haimo katika Kirundi; ng'ombe kwetu ni "inka". Basi mtoto akutanapo na "ng'ombe" huongeza g isiyotakiwa. Yaani huiziba pua mapema mno! Kosa lake ni upungufu wa pua, wala si ziada. "Mtu" nalo ni hivyo hivyo: m yapaswa kusimama kama silabi kamili, pumzi ikakaa puani kwa muda wake. Mtoto aliyezoea "umuntu" huichomekea u na kuikimbizia kinywani. Amwambiaye mtoto huyo "acha kusemea puani" ni kama mganga ampaye mgonjwa wa kuhara dawa ya kuharisha.

Nimesikia hata "kurara" kwa "kulala" ikiitwa king'ong'o. Kirundi hakitenganishi l na r, hilo ni kweli. Lakini l ni kitambaza na r ni kimadende. Zote mbili ni kazi ya ncha ya ulimi, na pua haimo kabisa.

Wenzangu wa Muyinga wana bahati, maana ng'ambo ya mpaka wa Kobero iko Ngara. "Nguo zilizonunuliwa Ngara zinang'ara": sentensi hiyo moja hufundisha zaidi ya ukurasa mzima wa makaripio. Mwenye wanafunzi wakubwa na aongeze "ng'oa" na "ngoa", hili la pili likiwa na maana ya tamaa au wivu katika lugha ya washairi.

Na kwa kuwa tumefika kwenye sentensi, kuna jambo jingine. Wapo wanaolitafuta neno king'ong'o kwa kupitia kamusi za Kiingereza. Kiingereza kina neno moja, twang, litajalo mlio wa uzi uliovutwa ukaachiliwa, na pia lafudhi ya puani. Kutokana na hilo nimeona ubaoni, kwa macho yangu: "Uzi wa zeze una king'ong'o." La hasha! Uzi hauna pua. Kiswahili kimeyagawa mambo kwa namna yake: uzi hulia au hutetema, ngoma huvuma, kama wavumavyo nyuki na upepo, mwimbaji aichezeshaye sauti kooni hutia madende. Wala hatuna haja ya kuazima mifano mbali. Umuduri ni upinde wenye uzi upigwao kwa kijiti: uzi hutetema, na kibuyu hukuza mvumo wake. Mpiga inanga naye hunong'ona maneno, nyuzi zikabeba tuni, hata msikilizaji akadhani kwamba mnong'ono wenyewe ndio unaoimba. Vitenzi vitatu, kutetema, kuvuma na kunong'ona, vimo katika ala mbili za nyumbani, nasi twaandika habari za zeze lenye mafua.

Nitajibiwa kwamba Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na kwamba watoto hawa watakwenda Dar es Salaam na Nairobi, ambako "ngombe" itachekwa. Nakubali. Sisemi tuache kusahihisha; nasema asahihishaye ajue kwanza kosa limekaa wapi kinywani.

Yule mwanafunzi nilimkalisha kivulini. Alibana pua, akaachia, akabana tena, akacheka. Kabla ya kengele "ng'ombe" ilikuwa ikitoka safi, kama ya mtoto wa pwani. Akaniuliza kama sasa king'ong'o chake kimepona. Nilimwambia kwamba sasa ndipo amekipata.