Njaa ya Wenye Mahindi

Kila msimu tunaambiwa kwamba mkulima akipata mbegu bora, mbolea na mvua, nyumba yake haitaona njaa. Akiiona, basi mvua imemwangusha au ni mvivu. Imani hii wanayo viongozi, wataalamu na hata wakulima wenyewe, nami nasema inatupotosha. Tazama Nyanda za Juu Kusini. Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayolisha nchi. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulipowapima watoto wa chini ya miaka mitano, waliodumaa walikuwa asilimia 57 Iringa, na kama 50 Njombe na Rukwa, ilhali wastani wa Tanzania Bara na Visiwani ulikuwa 30. Kama mavuno yangekuwa ndiyo chakula, mikoa hii ingeshika mkia katika orodha hiyo. Ndiyo inayoiongoza.

Fuata gunia moja uone linakokwenda. Mahindi yakianza kuvunwa Juni, madeni yote yanapiga hodi: mbolea iliyokopwa, sare na michango ya shule, mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, uliochukuliwa wakati wa palizi. Mnunuzi analijua hilo, anakuja mapema na bei yake, tena anataka lumbesa, gunia lililovikwa kilemba cha mahindi juu na kushonwa kwa kamba, ambalo hulipwa kama gunia la kawaida. Kinachobaki nyumbani kinamngoja dumuzi, mdudu ambaye wakulima walimpachika jina la Skania, na ambaye kwa miezi michache huacha magunzi na vumbi. Hofu ya mdudu huyo nayo inamharakisha mtu kuuza. Ikifika Januari, nyumba iliyouza magunia inanunua kwa debe, kwa bei iliyokwisha kupanda, au watu wazima wanakwenda kulima kibarua kwa jirani huku shamba lao likimezwa na magugu. Njaa ya mwaka unaofuata huanzia hapo, hata mvua iwe njema.

Watasema mkulima hana nidhamu, anauza chakula cha watoto akanywe pombe. Wapo, na tusifiche kwamba katika nyumba nyingi mwanamume huuza bila kumuuliza mama, ambaye ndiye anayejua ni madebe mangapi yatawafikisha Machi. Ila deni halingoji bei ipande, hata kwa asiyegusa kilevi. Wengine watasema udumavu si njaa, ni maradhi na ulishaji mbaya. Ni kweli kwamba mtoto anaweza kushiba ugali na bado akadumaa, na hapo ndipo mavuno ya mahindi yanapotuhadaa zaidi. Wakati wa palizi mama anatoka alfajiri; mtoto anaachiwa dadake na kikombe cha uji mwepesi usio na karanga wala maziwa. Mayai na maharage yamekwenda gulioni kutafuta hela ya chumvi na sabuni. Mama huyo mfundishe lishe utakavyo, saa za kupika hana.

Sidharau uzalishaji. Dodoma na Singida ukame unaua mazao kweli, na ruzuku ya mbolea iliyoanza 2022 ilihitajika. Lakini mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje, aliyevuna mengi ndiye aliyeumia zaidi bei ilipoporomoka. Kwa hiyo fedha ziende pia kwenye maghala ya vijijini ambako mkulima ataweka mahindi yake, akopeshwe kwa dhamana yake na kuuza Desemba. Kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Na kwenye mizani itakayoimaliza lumbesa. Na afisa kilimo anayepeleka wilayani hesabu ya tani za Julai apeleke pia ya Februari: ni nyumba ngapi kijijini kwake bado zina mahindi ya kula, na ni ngapi zina maharage ya kulia ugali huo.