Muuguzi Ana Wadi Mbili

Mimi nina wadi mbili. Ya kwanza ina vitanda 28 na harufu ya dawa ya kuoshea sakafu. Ya pili ina mwakilishi tuliyemchagua, barabara ya vumbi na ukumbi wa kijamii wenye viti vya plastiki. Kwa miaka 22 ya uuguzi hapa Pwani ya Kenya, ya kwanza nimeihudumia usiku na mchana. Ya pili niliingia mara ya kwanza Februari mwaka juzi, nilipokwenda kwenye mkutano wa bajeti nikiwa nimetoka zamu ya usiku, sare bado mwilini. Niliketi karibu na mlango ili usingizi ukinizidi nitoke bila kusumbua mtu.

Watu waliomba barabara. Wakaomba maji, taa na basari. Kisha mama mmoja akasimama akaomba zahanati kijijini kwao, ukumbi mzima ukampigia makofi, na afisa wa kaunti akaandika.

Nikainua mkono. Nikauliza: hiyo zahanati atakaa nani ndani yake? Nikaeleza kwamba usiku uliopita nilikuwa peke yangu na wagonjwa 34, wengine wawili kitanda kimoja. Afisa akasema hoja yangu ni nzuri ila ya mwakani. Hapo mzee mmoja mvuvi akanigeukia. "Sista, mikutano hii yafanywa hapa kila mwaka. Nyinyi mlikuwa wapi?"

Jibu lililonijia ulimini ni kwamba tulikuwa kazini. Nikalimeza. Mvuvi naye alikuwa na kazi, na alikuwa amekuja.

Tangu siku hiyo siwezi tena kuwatupia wanasiasa lawama zote. Mwanasiasa hupenda kinachokatiwa utepe. Jengo lina jiwe la msingi, bamba lenye jina lake na picha ya gazetini. Tena jengo hulipiwa likaisha, ilhali muuguzi hudai mshahara kila mwisho wa mwezi hadi astaafu. Jengo huzinduliwa, muuguzi hazinduliwi. Kama hakuna wa kumtaja pale pesa zinapogawanywa, hatatajwa.

Na siku za kugawanya pesa hazifichwi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti ufike bunge la kaunti kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Sasa kumbuka mgomo wetu mkubwa. Tulianza 5 Juni 2017. Tulidai mkataba wa pamoja wa malipo uliokuwa haujatiwa saini, na dai lile lilikuwa la haki. Mimi mwenyewe nilishika tawi na kupuliza firimbi. Lakini kwa mujibu wa sheria, siku tuliyotoka makadirio yalipaswa kuwa yameshakaa mezani zaidi ya mwezi. Tulirudi kazini Novemba, baada ya miezi mitano. Hakuna gavana aliyelala nje ya lango la hospitali miezi hiyo. Waliolala pale ni majirani zangu.

Mafunzo nayo yana kilio chake, na fundo lake ni gumu zaidi. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 chini ya Katiba ya 2010, hospitali za kaunti ni mzigo wa kaunti. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC) na vyuo vikuu vya umma vimebaki kwa serikali ya kitaifa. Nairobi hufunza, kaunti huajiri, na kila mmoja hupiga hesabu zake bila kutazama za mwenzake. Asubuhi moja mwaka jana nililetewa wanafunzi 19 kwa zamu moja. Nilipokuwa nikisafisha kidonda cha mgonjwa wa kisukari, mwanafunzi wa mwisho hakuona kidonda, aliona migongo ya wenzake 18. Huyo naye atafuzu, kisha atakaa nyumbani akisubiri tangazo la kazi. Akiwa wa shahada, huenda akasubiri kwanza nafasi ya mwaka wa mafunzo kazini kwa sababu pesa za posho hazijatolewa.

Julai 2021 Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza wa kupeleka huko wauguzi wetu wasio na ajira. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.8 mwaka 2023, kwa hiyo wa kuwachukua hatakosekana. Simlaumu anayepanda ndege, ana watoto wa kusomesha. Ninachouliza ni hiki: nchi ambayo usiku ina muuguzi mmoja kwa wagonjwa 34, imepataje wauguzi wa ziada wa kugawa?

Wapo watakaosema muuguzi asijitie siasa. Kama ni siasa za kupigia chama debe, nakubaliana nao. Mgonjwa wangu hapaswi kujua kura yangu naipeleka wapi. Lakini kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, na kifungu cha 201 kinataka umma ushirikishwe katika mambo ya fedha. Sijaona palipoandikwa "isipokuwa aliyevaa sare". Hata Florence Nightingale, ambaye twamwashia mishumaa kila 12 Mei, hakusimama na taa tu. Alihesabu vifo vya askari wa vita vya Crimea, akavichora kwenye michoro ambayo waziri angeielewa kwa kuitupia jicho, akawasumbua wakubwa kwa barua.

Februari iliyopita tulikwenda wauguzi wanne. Tulibeba karatasi moja: vitanda 28, wagonjwa 34, muuguzi mmoja usiku, wanafunzi 19 kwa zamu, na nafasi tatu za waliostaafu ambazo hazijajazwa. Hatukuhutubia, tuligawa nakala zake mlangoni. Aliyesimama ni yule mama wa zahanati. Akasema, "Mkitujengea, tuandikieni na wauguzi wawili." Afisa akaandika. Makadirio yalipotoka, katika zile nafasi tatu tulipata moja. Ni kidogo, lakini miaka 21 ya kunung'unika kwenye chumba cha chai haikuwa imetupatia hata hiyo.

Muuguzi mwenzangu, asiyekuwapo na lake halipo. Hesabu vitanda vyako, hesabu wagonjwa, hesabu wenzako waliostaafu bila kurithiwa, uandike kwenye karatasi moja. Vyama vyetu navyo vipeleke karatasi ya namna hiyo Nairobi kwa ajili ya vyuo na posho za wanaojifunza kazini, mapema, kabla ya firimbi. Nawe msomaji unayeomba zahanati, usikae chini kabla hujauliza ni nani atakayeifungua asubuhi.

Tarehe ya mkutano wa wadi yako anayo msimamizi wa wadi. Mpigie simu mwezi wa Januari.