Mshuko, Si Umwilisho

Ni mazoea ya waandishi wengi wa Kiswahili, wafikapo kwenye picha za Vishnu, kuandika kwamba mungu huyo wa Wahindu "amejimwilisha" mara kumi. Neno hilo limeazimwa kanisani, na huko lilikotoka lina maana yake kamili: tukio moja, mwili mmoja. Kulibandika juu ya picha hizi ni kuzipofua. Wahindu wenyewe husema avatara, yaani kushuka.

Na watazamwe wachoraji wa falme ndogo za Himalaya, kama Kangra na Chamba. Katika mshuko wa samaki, mungu mwenye mikono minne hutokeza kiunoni kutoka kinywani mwa samaki, taji kichwani; hakugeuka samaki akapotea humo. Hiranyakashipu alijaliwa asiuawe na mtu wala mnyama, ndani wala nje, mchana wala usiku. Basi mungu alimjia nusu mtu nusu simba, jua likizama, akamlaza mapajani pale kizingitini na kumpasua kwa kucha. Mchoraji aliyesahau kizingiti ameisahau habari yote, maana umbo limechaguliwa lipite katika upenyo wa sharti. Na Kalki je, wa kumi, mwenye farasi mweupe? Hajaja bado, naye huchorwa pamoja na wenziwe. Ni umwilisho gani huo wa asiyezaliwa?

Wako watakaouliza hayo yamhusu nini mtu wa Lalago. Yamhusu sana. Lalago, wilayani Maswa, ni nchi ya pamba, na kabla vyama vya ushirika havijaishika biashara hiyo katika miaka ya 1950, pamba ya Usukuma ilinunuliwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Si kila Mhindi ni Mhindu, Waismailia walikuwapo wengi. Walakini duka la Mhindu halikukosa picha ya Krishna au Rama ukutani, ya namna ile ambayo kiwanda cha Raja Ravi Varma kilianza kuichapa Bombay mwaka 1894.

Usukuma nao una kuta zake. Mwaka 1953 Hans Cory alitoa kitabu juu ya michoro ya kutani ya waganga wa nyoka, ambayo kwayo wanachama wapya walifundishwa. Michoro hiyo haifahamiki ila kwa maelezo ya Wayeye wenyewe, na hakuna msomi abishaye hilo. Kwa nini basi ukuta wa duka, katika nchi ile ile, usomwe kwa neno la mtu wa tatu?

Watu wa pwani watateta kwamba mshuko ni wakati watu watokapo kusali. Kweli, lakini neno kubeba kazi mbili si ajabu katika lugha hii. Kiswahili hunena tangu zamani kwamba pepo hupanda kichwani. Hakiwezi kushindwa kunena kwamba mungu hushuka. Chini ya picha na iandikwe: mshuko wa samaki, mshuko wa kobe, mshuko wa nguruwe mwitu, mshuko wa simba-mtu.